Lord of the Flies: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ishara na Kupotea kwa Usafi wa Moyo

Riwaya ya William Golding, Lord of the Flies, ilitoka Uingereza mwaka 1954, na tangu hapo imewaacha wasomaji wengi na maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kufuata kitabu chenyewe. Kama hujakisoma bado, jua kwamba majibu yanafichua kila kitu, pamoja na nani anakufa na nani anamuua.

Kwa ufupi, riwaya inasimulia nini?

Dunia iko vitani, na mabomu ya nyuklia yameshatumika. Ndege iliyobeba wavulana wa Kiingereza inatunguliwa, na watoto wanajikuta katika kisiwa cha joto kisicho na mkazi. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyepona. Ralph, mwenye miaka 12 na miezi michache, anachaguliwa kuwa kiongozi. Jack, mkuu wa wavulana wa kwaya, anapewa uwindaji. Piggy, mtoto mnene mwenye pumu na miwani, ndiye anayefikiri kuliko wote, na ndiye asiyesikilizwa. Simon ni mkimya, huzimia mara kwa mara, na anapenda kukaa peke yake msituni.

Wanaanza na mikutano, zamu na moto wa kuita meli. Wanaishia kuwindana. Wawili wanauawa na wenzao, mmoja anapotea motoni, na wa nne yuko karibu kuuawa pale ofisa wa jeshi la majini anapotokea ufukweni.

Je, watoto hawa walikuwa na mioyo safi walipofika?

Majibu mengi ya mitihani huanza kwa kudai kwamba walifika kama malaika, kisiwa kikawaharibu. Soma upya sura ya kwanza. Muda mfupi tu baada ya ajali, Piggy anamwomba Ralph asiwaambie wenzake jina la utani alilokuwa akiitwa shuleni. Ralph analiona jina hilo kuwa kichekesho kitupu. Baadaye watoto wanapokusanyika, anaitoa siri mbele ya wote, na umati mzima unaangua kicheko. Kwa dakika ile, mwandishi anatuonyesha, wavulana wote wanakuwa kitu kimoja, na Piggy peke yake anabaki nje.

Angalia ni saa ngapi hiyo. Hawajaona njaa. Hawajaota ndoto za kutisha. Hakuna aliyemtaja dubwana, kile kiumbe cha kutisha watakachoamini kimo kisiwani. Na tayari wamejifunza kwamba njia rahisi ya kuungana ni kumpata mmoja wa kumcheka.

Kwa hiyo kinachopotea kisiwani ni kutojijua. Mwanzoni hawajui wana uwezo wa kufanya nini, maana hawajawahi kuachwa wafanye. Mwishoni wanajua. Hilo ni jambo zito kuliko kisa cha malaika walioharibika, na ndiyo sababu kitabu hiki bado kinauma.

Basi usafi huo unapotea lini hasa?

Hakuna siku moja. Kuna ngazi, na kila ngazi inaonekana ndogo unapoikanyaga.

Ya kwanza ni kisu cha Jack. Anamkuta mtoto wa nguruwe amenaswa kwenye mimea inayotambaa, anainua kisu, na mkono unaganda hewani. Kushusha chuma kwenye nyama iliyo hai na kuona damu ni jambo kubwa mno. Nguruwe anakimbia. Jack anaona aibu, anachomeka kisu kwenye mti na kuapa kwamba safari ijayo hakuna huruma. Anachokionea aibu ndicho kitu bora alichokuwa nacho.

Kisha kuna moto wa siku ya kwanza, ulioshika msitu. Mtoto mdogo mwenye baka usoni, yule yule aliyekuwa ameuliza kuhusu kitu kama nyoka, haonekani tena. Hakuna anayelitaja waziwazi. Hawana hata orodha ya majina ya kuhakikisha nani hayupo. Kifo cha kwanza kisiwani ni cha uzembe, na jibu la jamii nzima ni kutazama pembeni.

Lakini ukiniuliza mimi, tukio lenye maana kuliko yote liko katika sura ya nne, na wasomaji wengi hulipita mbio. Roger, mmoja wa wavulana wa kwaya, amejificha nyuma ya mti, anamrushia mawe mtoto mdogo anayeitwa Henry, anayecheza ufukweni. Anarusha kwa makusudi ya kumkosa. Kumzunguka Henry kuna nafasi ya yadi kadhaa ambayo Roger hathubutu kutupa jiwe ndani yake. Nani anamzuia? Hakuna mtu. Ni wazazi, shule, polisi na sheria, wote wakiwa mbali sana, wote wakiwa sehemu ya ulimwengu ambao wakati huo huo unajilipua. Mkono wa Roger bado unawatii.

Sasa nenda sura ya kumi na moja. Ni Roger huyo huyo, safari hii juu ya mwamba, ameegemea gogo linaloweza kung'oa jiwe kubwa. Chini yuko Piggy. Roger analiegemea kwa uzito wake wote, na jiwe halimkosi mtu. Riwaya nzima iko kati ya mawe hayo mawili. Kama mwalimu wako anataka uthibitisho wa dhamira katika aya moja, linganisha kurasa hizo.

Kome lina maana gani?

Kome ni ganda kubwa la bahari linalopulizwa kuita mkutano. Kwa kawaida husemwa ni ishara ya sheria na demokrasia, na si vibaya. Anayelishika kwenye mkutano ndiye mwenye haki ya kusema. Ila usiishie hapo. Angalia jinsi linavyopatikana: Piggy ndiye anayejua ni kitu gani na kinavyopulizwa, lakini pumu haimruhusu, kwa hiyo Ralph ndiye anayelipuliza. Watoto wanamchagua Ralph kwa sababu wanamwona na lile ganda mkononi, ni mrefu, ana sura nzuri na ametulia. Fikra zilikuwa za mwingine. Tangu kura ya kwanza, mamlaka ya kome yamesimama juu ya mwonekano.

Pia halina nguvu yake lenyewe. Jack analijua hilo mapema: katika sura ya pili tu anatangaza kwamba kome halihesabiki juu ya mlima. Baadaye anasema halihesabiki upande wake wa kisiwa. Hakuna anayeweza kumlazimisha, maana kome linafanya kazi pale tu ambapo watu wamekubali lifanye kazi. Rangi yake nayo inafifia kwa jua, kutoka manjano na waridi hadi karibu nyeupe, huku Piggy akizidi kuliheshimu.

Usiku wawindaji wanapovamia vibanda, Piggy anaamini wamelifuata kome. Hawakuligusa. Wamechukua miwani. Sidhani Golding ameandika kejeli kali kuliko hiyo katika kitabu kizima: kile ambacho upande mmoja uko tayari kukifia, upande wa pili hauoni hata sababu ya kukiiba. Jiwe la Roger linapomuua Piggy, kome linavunjika vipande elfu mikononi mwake, na baada ya hapo hakuna anayetaka mkutano tena.

Na miwani ya Piggy?

Kuona, elimu, sayansi, chochote unachotaka kukiita. Lenzi zinawasha moto, na bila moto hakuna kuokolewa wala nyama ya kuchoma. Fuata safari yake: lenzi moja inavunjika Jack anapompiga Piggy baada ya moto kuzimika na meli kupita. Iliyobaki inaibwa. Wakati anauawa, Piggy ni kipofu kabisa, anatambaa kwenye ukingo wa mwamba akiuliza kama yuko salama.

Wanafunzi wa fizikia hupenda kutaja kosa moja hapa, nao wako sahihi. Piggy haoni mbali, na lenzi za mtu wa namna hiyo ni nyembamba katikati, hutawanya mwanga badala ya kuukusanya. Haziwezi kuwasha moto. Hoja ya kitabu haiathiriki, ingawa ni vizuri kulijua kabla mtu hajakuuliza darasani.

Moto ni ishara ya matumaini au ya maangamizi?

Vyote viwili, na Golding anakataa kuvitenganisha. Moto wa kwanza, uliowashwa ili waokolewe, unaua mtoto. Moto wa mlimani unapozimika, kwa sababu waliopaswa kuulinda wameenda kuwinda, meli inapita bila kuwaona. Moto wa mwisho umewashwa na watu wa Jack ili kumfukuza Ralph mafichoni na kumuua, na huo ndio moshi unaoonwa na manowari.

Yaani nia njema imeleta kifo na nia ya kuua imeleta wokovu. Hata hivyo usifikiri Jack anapewa haki. Ralph akiwa anakimbia anawaza kwamba moto umekaribia miti ya matunda, na kesho watu hawa watakula nini? Wameteketeza kisiwa kizima ili kumpata mtu mmoja. Meli isingetokea, wangekufa na ushindi wao.

Dubwana ni nini?

Linabadilika kila mara. Kwa wadogo ni kitu kama nyoka kinachotoka gizani. Halafu wanadhani linatoka baharini. Halafu linatoka angani, na hapa kuna mwili kweli: rubani aliyekufa katika mapigano ya ndege, aliyeshuka na mwavuli wake na kukwama juu ya mlima. Upepo ukivuta kamba, maiti inainuka na kuinama. Pacha Sam na Eric wanaiona usiku na kutoka mbio.

Muda mfupi kabla ya rubani kuanguka, Ralph na Piggy walikuwa wanatamani ishara yoyote kutoka kwa watu wazima. Wangejua la kufanya, wanasema, wasingegombana. Ishara ikaja: askari aliyeuawa na watu wazima wenzake. Tunasema paka akiondoka panya hutawala. Katika riwaya hii paka wenyewe wako huko nje wanararuana.

Simon ndiye peke yake anayekaribia jibu. Katika mkutano anajaribu kusema kwamba huenda dubwana ni wao wenyewe. Anakosa maneno na kuzomewa.

Kwa nini kitabu kina jina hilo? Na kichwa cha nguruwe je?

"Bwana wa nzi" ni maana ya jina la kale la Beelzebubu, ambaye wasomaji wa Biblia wanamjua kama mkuu wa pepo. Ndani ya hadithi ni kichwa cha nguruwe jike, kilichochomekwa juu ya mti uliochongwa ncha mbili na kuachwa msituni kama sadaka kwa dubwana. Nzi wanakijaa.

Tazama namna alivyouawa kwanza. Alikuwa amelala akinyonyesha. Uwindaji wenyewe umeandikwa kwa lugha ya furaha iliyopitiliza, na ni vigumu kuusoma bila kusikia kichefuchefu. Mkono ulioganda katika sura ya kwanza hauonekani popote.

Simon, akiwa amejificha karibu na jua likimchoma, anasikia kichwa kikimwambia kwamba ni upuuzi kufikiri dubwana ni kitu cha kuwindwa na kuuawa, kwa kuwa ni sehemu yao. Je, kichwa kinaongea kweli? Simon yuko karibu kuzimia, kwa hiyo unaweza kusoma mazungumzo yote kama mawazo yake mwenyewe. Mimi naisoma hivyo, na naona inatisha zaidi hivyo: hata mtoto mwema kuliko wote anaifahamu sauti hiyo bila kufundishwa.

Je, Simon anawakilisha Yesu?

Kuna mambo mengi yanayofanana. Anawachumia wadogo matunda wasiyoyafikia, anajitenga peke yake, anajaribiwa na bwana wa nzi, anapanda mlima, anashuka na habari ya kuwakomboa wenzake kutoka kwenye hofu, wanamuua. Ni halali kusema hivyo katika insha. Tatizo ni kumgeuza sanamu ya kanisani. Simon ni mtoto wa kwaya anayezimia, mwenye haya, asiyeweza kuhutubia. Na kifo chake hakimkomboi mtu. Habari aliyoibeba, kwamba dubwana la mlimani ni maiti tu ya binadamu, inakufa naye, na usiku huo huo upepo unaibeba maiti hadi baharini. Ushahidi wote umeondoka.

Nani alimuua Simon?

Wote. Ni usiku wa dhoruba, kuna nyama, kuna ngoma ya duara na wimbo wa kumchinja mnyama. Simon anatoka msituni akitambaa, wanamwona ni dubwana, wanamshukia kwa mikono na meno. Ralph na Piggy nao wamo, walikuwa wamesogea kwenye duara kwa sababu ya kuogopa radi na kutaka kuwa pamoja na wengine.

Asubuhi yake ndiyo inayostahili kusomwa polepole. Ralph anasema wazi kwamba yale yalikuwa mauaji. Piggy, mwenye akili, anakataa: ilikuwa ajali, ilikuwa giza, sisi tulikuwa pembeni tu, Simon mwenyewe alikosea kutambaa namna ile. Pacha wanadai waliondoka mapema. Kila mmoja ana majeraha ya usiku na kila mmoja ana maelezo. Tumezoea kusema Piggy ni ishara ya akili. Basi hapa Golding anaonyesha akili inatumika kwa kazi gani pindi mtu anapoogopa alichofanya.

Rangi za usoni zinafanya kazi gani?

Jack anaanza kujipaka udongo mwekundu, mweupe na mkaa kwa sababu ya kawaida kabisa: nguruwe wasimwone. Anauchukua mfano huo vitani, kwenye rangi za kuficha. Kisha anajitazama kwenye maji na kumwona mtu mwingine. Nyuma ya sura ile hana aibu tena.

Aibu ndiyo iliyomzuia Roger asimpige Henry. Ukishapata njia ya kuivua, yaliyobaki ni suala la muda. Ndiyo maana wawindaji wanaacha kuitwa kwa majina, na Jack mwenyewe anakuwa "Chifu".

Kwa nini hatuambiwi jina halisi la Piggy?

Kwa sababu hakuna aliyeuliza. Ralph alipata nafasi siku ya kwanza, Piggy akasubiri aulizwe, na swali halikuja. Majina yanapotea kote katika kitabu hiki. Sam na Eric wanaunganishwa kuwa jina moja. Mtoto mdogo Percival alifika akiwa amekariri jina lake kamili, anwani na hata habari ya simu, kama alivyofundishwa nyumbani iwapo atapotea. Analisema kama dua kila anapoogopa. Ofisa anapofika ufukweni, Percival anajitokeza kujitambulisha, na hakuna kinachotoka. Amesahau.

Kama unatafuta mfano mmoja wa utoto uliopotea ambao wenzako hawatautumia, chukua huo.

Ralph ni mwema na Jack ni mbaya, sivyo?

Sivyo kabisa. Ralph alimsaliti Piggy, alisisimka alipomchoma nguruwe mkuki puani na kujisifu nao, na alikuwepo kwenye duara. Kadiri siku zinavyokwenda, pazia linashuka akilini mwake: anasahau kwa nini moto ni muhimu, na Piggy inabidi amkumbushe. Anachomzidi Jack ni kwamba anakiri. Jack naye si mjinga. Analeta nyama, anawapa wadogo hisia ya kulindwa. Watu wanamfuata kwa sababu anatoa kitu. Kiongozi anayeahidi vibanda na zamu ya moto ana kazi ngumu zaidi.

Golding aliyatoa wapi haya?

Alizaliwa Cornwall mwaka 1911, akawa mwalimu wa wavulana huko Salisbury, katika shule ya Bishop Wordsworth. Mwaka 1940 aliingia jeshi la majini la Uingereza, na mwaka 1944 alikuwa akiongoza chombo cha kurushia roketi katika uvamizi wa Normandy. Alirudi darasani akiwa na imani ndogo sana kwa binadamu, wakiwemo wa upande wake.

Chanzo cha pili ni kitabu. Mwaka 1857 R. M. Ballantyne alichapisha The Coral Island, ambamo wavulana watatu wa Kiingereza wanakwama kisiwani na kuishi kwa furaha, uhodari na imani. Uovu wote unatoka nje, kwa maharamia na wenyeji wa visiwa. Wawili kati ya wavulana hao wanaitwa Ralph na Jack. Golding aliwachukua majina yao na kuuliza watoto anaowajua yeye wangefanya nini. Ofisa wa mwisho anakitaja kitabu hicho kwa jina, akidhani mambo yamekwenda kama kule.

Hapa kuna jambo la kisiasa ambalo si la kuruka. Wavulana wa Ballantyne walikuwa sehemu ya hadithi ambayo himaya ilijisimulia: sisi wastaarabu, wale washenzi. Jack katika Lord of the Flies anaitamka sawasawa, kwamba wao ni Waingereza na Waingereza ni bora kwa kila jambo. Golding anaivunja hadithi hiyo kutoka ndani. Hata hivyo anapotaka kuonyesha kuporomoka, bado anatumia neno "washenzi", rangi za mwili na ngoma. Taswira zile zile za zamani zimebaki zikifanya kazi ile ile, na msomaji ana haki ya kumkosoa kwa hilo huku akimvulia kofia kwa mengine.

Mbona hakuna wasichana?

Golding aliulizwa sana. Jibu lake lilikuwa la kawaida: yeye aliwahi kuwa mvulana, hakuwahi kuwa msichana, na hakutaka suala la mapenzi liingie katika hadithi aliyotaka ihusu mambo mengine.

Je, ni kweli watoto wangefanya hivi?

Kuna kisa cha kweli kinachotajwa kila mara. Mwaka 1965 wavulana sita wa shule moja ya bweni huko Tonga walichukua mashua bila ruhusa, wakakumbwa na dhoruba na kutupwa kwenye kisiwa cha 'Ata. Walikaa huko zaidi ya mwaka mmoja hadi nahodha Mwaustralia, Peter Warner, alipowakuta mwaka 1966. Walikuwa wamegawana kazi, wamelinda moto usizimike, na mmoja alipovunjika mguu wenzake walimfunga mfupa ukaunga vizuri.

Baadhi ya watu husema kisa hicho kimemkanusha Golding. Mimi sioni hivyo. Wale walikuwa sita, wakubwa kidogo, marafiki waliotoroka pamoja. Wa Golding ni kundi kubwa la watoto ambao wengi hawajuani, kutoka nchi iliyo vitani, baadhi wakiwa wamefika na vyeo vyao tayari: Jack alitaka uongozi kwa hoja kwamba yeye ni mkuu wa kwaya. Tena riwaya si jaribio la maabara. Kisa cha Tonga kinathibitisha jambo moja la maana, kwamba mwisho ule haukuwa wa lazima, na nafikiri Golding angekubali: ameonyesha mara kadhaa mahali ambapo watoto wangeweza kugeuka.

Ofisa wa mwisho ni wokovu?

Anafika akiwa na sare nyeupe, bastola kiunoni, na nyuma yake mashua yenye baharia aliyeshika bunduki. Anadhani wanacheza mchezo wa vita. Akisikia kuna waliokufa, anasikitika kwamba wavulana wa Kiingereza hawakuweza kufanya vizuri zaidi. Kisha atawapakia kwenye manowari, ambayo nayo iko kazini kuwinda adui. Swali la nani atamwokoa ofisa mwenyewe linabaki wazi, na Golding analiacha hivyo.

Ralph analia. Analilia mwisho wa usafi wa moyo, giza la moyo wa mwanadamu, na anguko la rafiki wa kweli mwenye busara aliyeitwa Piggy. Hata hapo, jina analolilia ni lile lile la kejeli. Hana jingine. Ofisa anaona aibu, anageuka na kutazama meli yake ili wapate muda wa kujikusanya.

Nikiandika insha kuhusu ishara, niepuke nini?

Epuka orodha ya "hiki ni sawa na kile". Kome ni demokrasia, miwani ni sayansi, moto ni matumaini: mtahini ameshaisoma mara nyingi sana. Chagua ishara moja au mbili na uzifuate tangu zinapoingia hadi zinapokwisha, ukionyesha nani amezishika, nani amezidharau na lini. Ishara za Golding zina maisha. Zinachakaa, zinaibwa, zinavunjika. Taja tukio, si sura tu. Na usisahau kovu: ndege iliyoanguka iliacha mfereji mrefu uliopasua msitu, na mwandishi anautaja katika aya ya kwanza kabisa. Kisiwa kilikuwa kimeshajeruhiwa na binadamu kabla Ralph hajaokota chochote ufukweni.

Naweza kutazama filamu badala ya kusoma?

Ya Peter Brook ya mwaka 1963, isiyo na rangi, iko karibu na kitabu na inafaa kutazamwa baada ya kusoma. Ile ya mwaka 1990 imewageuza watoto kuwa Wamarekani wa shule ya kijeshi na inaye rubani aliyejeruhiwa anayefika nao kisiwani, kwa hiyo usiitumie kujibu maswali ya riwaya. Utajikuta unaeleza mtu ambaye Golding hakumwandika.

Kinafaa kwa umri gani?

Wengi hukisoma wakiwa na miaka 14 hadi 16. Lugha ya maelezo ya mandhari ni nzito kidogo kwa wanaoanza Kiingereza, hasa sura ya tatu, na kuna vifungu vya ukatili. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12 ningesubiri, au nisome naye sura moja moja na kusimama pale anapotaka kuuliza.